Hobley wa Chetambe: Mbomoaji wa Ngome Aliyegeuka Mhifadhi wa Urithi

Barabara itokayo Kitale na kupitia Kiminini na Kamukuywa huteremka hadi Webuye, chini ya safu ya vilima viitwavyo Chetambe. Wabukusu na Watachoni wa Bungoma hawahitaji kibao cha kuwaeleza kilichotendeka juu ya vilima hivyo. Mnamo mwaka 1895 ngome iliyokuwa imejengwa pale iliangushwa na jeshi lililoandaliwa na kijana wa Kiingereza aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na minane hivi. Kijana huyo aliitwa Charles William Hobley. Ajabu ni kwamba mtu yuyo huyo, alipopevuka kiumri, alishiriki kuasisi chama kilichozaa jumba la makumbusho la kwanza mjini Nairobi. Aliandika vitabu kuhusu mila za watu aliowatawala. Na uzeeni akawa katibu wa chama kilichopania kuhifadhi wanyamapori wa himaya nzima ya Uingereza. Leo hii mtu mwenye kazi za aina hiyo angeitwa mshauri wa mipango ya urithi. Enzi yake cheo hicho hakikuwepo, ila shughuli yenyewe ilikuwepo, na Hobley aliifanya kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukifanya kinyume chake.

Hobley alizaliwa mwaka 1867 huko Chilvers Coton, karibu na mji wa Nuneaton katikati ya Uingereza, eneo la machimbo ya makaa ya mawe. Alisomea uhandisi na elimu ya miamba mjini Birmingham. Si ajabu basi kwamba alipofika Mombasa mwaka 1890 alikuwa mtaalamu wa miamba aliyeajiriwa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 ili itawale na kufanya biashara kwa pamoja. Kampuni ilitaka kujua chini ya ardhi kuna nini kabla ya kuamua juu ya ardhi kufanywe nini. Mwaka 1891 Hobley alikuwa miongoni mwa wale waliopanda mto Tana kwa meli ndogo iliyoitwa Kenia, chini ya nahodha Dundas, wakafika hadi miteremko ya Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kupima, kuchora ramani na kuandika majina. Tabia hiyo ya kuandika majina ya mito, vilima, koo na mimea haikumtoka maisha yake yote, na ndiyo inayowafanya watafiti wa leo washindwe kumpuuza hata pale wanapomchukia.

Kampuni ilifilisika upesi. Serikali ya Uingereza ilitangaza ulinzi wake juu ya Uganda mwaka 1894, na Hobley akahamia katika utumishi wa serikali hiyo. Msomaji wa leo huenda akashangaa kusikia kwamba Kitale na Bungoma zilikuwa Uganda wakati huo. Naam, mkoa wa mashariki wa Uganda ulienea hadi Naivasha, na haukuunganishwa na eneo lililokuja kuwa Kenya hadi mwaka 1902. Ndiyo maana habari nyingi za kale za Wabukusu zimo katika vitabu vyenye neno Uganda katika anwani zao, na mwanafunzi asiyelijua hilo hupitwa nazo.

Mwanzoni mwa mwaka 1895 Hobley alipelekwa Mumias, makao ya Nabongo Mumia. Palikuwa mahali pa shughuli nyingi. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa imezoea kupumzika hapo kwa miaka mingi kabla ya Mzungu wa kwanza kupita. Joseph Thomson alifika mwaka 1883, Askofu Hannington akapita mwaka 1885, na Frederick Jackson akawasili na msafara wa Kampuni mwaka 1889. Kiswahili kilikuwa kikisikika pale sokoni kabla ya kuandikwa katika faili yoyote ya serikali. Hobley alikuta lugha ya kufanyia kazi tayari ipo, imeletwa na wapagazi na wafanyabiashara wa pembe, na alikuta pia mgogoro uliokuwa tayari umeiva.

Mgogoro huo ulihusu bunduki. Askari wa Kisudani waliokuwa wakitumikia serikali walitoroka na silaha zao, na baadhi ya silaha zikaishia mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kilichotumwa kuzirejesha kiliuawa. Kwa wakuu wa Mumias na kwa Mumia mwenyewe, ambaye hakuwa na uhusiano mwema na jirani zake wa kaskazini, tukio hilo lilikuwa uasi. Lakini uasi ni neno linalohitaji kwanza mtu awe amekubali kutawaliwa, na Wabukusu hawakuwa wamekubali. Kwao swali lilikuwa jepesi zaidi: ni nani anayeruhusiwa kuingia katika boma la mwenzake akiwa na silaha, bila kubisha hodi?

Boma lenyewe halikuwa uzio wa miiba tu. Wabukusu walijenga vijiji vyenye kuta nene za udongo, vilivyozungukwa na handaki refu, na mlango mwembamba uliomlazimu mgeni kuinama. Waliviita chingoba. Ujenzi huo ulitokana na uzoefu mchungu wa miaka mingi ya kujilinda dhidi ya wavamizi wa mifugo kutoka nyanda za juu. Ndani ya kuta hizo waliishi watu wa koo kadhaa, pamoja na ng'ombe wao wakati wa hatari. Yeyote anayetaka kuelewa usanifu wa majengo wa Afrika Mashariki kabla ya ukoloni hana budi kuanzia kwenye chingoba, kama vile mwenzake wa pwani anavyoanzia Gede au Lamu. Kuta za matumbawe zina bahati: mvua haiziyeyushi. Udongo ukishaachwa hurudi ardhini.

Kampeni dhidi ya Wabukusu ilifanyika mwezi wa Agosti na Septemba mwaka 1895. Hobley alijiunga na William Grant, aliyekuwa mwakilishi wa serikali Busoga, na majeshi yao yalikuwa mchanganyiko wa askari wa Kisudani, Waganda, watu wa Mumia na wapiganaji wa Kimaasai. Walianza na ngome ya Lumboka. Walinzi wa Lumboka walipigana nyuma ya ukuta kama walivyozoea, na kwa adui wa mikuki mbinu hiyo ingetosha. Haikutosha mbele ya bombomu na bunduki za risasi za mfululizo. Walionusurika walikimbilia Chetambe, wakaungana na wenzao waliokuwemo, na wiki chache baadaye yakawapata yaliyowapata wenzao wa Lumboka. Waliokufa walikuwa mamia. Mifugo ilitwaliwa, wanawake na watoto walichukuliwa mateka. Huo ndio uliokuwa mwisho wa chingoba kama kinga ya taifa dogo, kwa sababu baada ya hapo ukuta wa udongo ulijulikana kuwa mtego kwa waliomo.

Hobley hakuyaficha haya. Aliyasimulia mwenyewe katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1929, kwa lugha ya ofisa anayetoa ripoti. Hapo ndipo hulka yake inapojitokeza. Hakuwa mkatili wa kufurahia damu, wala hakuwa mtu wa kujutia. Aliamini kwamba utaratibu lazima utangulie, na kwamba baada ya utaratibu kupatikana ndipo mtu anaweza kukaa chini na kuuliza maswali. Na kweli alikaa chini akauliza. Katika andiko lake la kiethnolojia la mwaka 1902 kuhusu mashariki ya Uganda, kitabu kilichotolewa na taasisi ya wanaanthropolojia mjini London, alieleza jinsi watu wa Kavirondo walivyofanya suluhu baada ya vita: walioshindwa humleta mbwa, mbwa hukatwa vipande viwili, wajumbe wa upande mmoja hushika sehemu ya mbele na wa upande wa pili sehemu ya nyuma, kisha huapa amani juu yake. Mwanazuoni mashuhuri James Frazer alilichukua elezo hilo na kulisambaza duniani katika vitabu vyake kuhusu ngano na dini. Wasomaji wa Ulaya wakajua jinsi ya kuapa amani huku wakiwa hawajui amani yenyewe ilifuata vita gani.

Majina nayo yana kisa chao. Katika maandishi ya Hobley na ya wenzake Wabukusu huitwa Ketosh au Kitosh, jina walilobandikwa na majirani na ambalo wenyewe hawakulipenda. Ofisa aliyeuliza njia kwa mwongozaji wa kabila jingine aliandika jina alilopewa na mwongozaji, na jina likaingia kwenye ramani, kutoka ramani likaingia kwenye daftari la kodi, na kutoka hapo ikawa kazi ya vizazi kuliondoa. Wabukusu walilipigania jambo hilo hadi jina lao halisi likakubaliwa katika matumizi rasmi. Mwanaisimu anayetumia orodha za msamiati zilizokusanywa na Hobley atazikuta zina manufaa makubwa, mradi akumbuke kwamba mkusanyaji alikuwa pia mkusanya kodi, na kwamba mtu hajibu maswali ya mkusanya kodi kama anavyojibu ya mjukuu wake.

Mwaka 1896 Hobley aliuzunguka mlima Elgon. Maelezo ya safari hiyo yalichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Shirika la Kifalme la Jiografia, na katika anwani yake aliuita mlima huo kwanza Masawa, kisha Elgon. Huo ulikuwa uungwana wa aina yake: jina la wenyeji wa Kibantu lilitangulizwa, ingawa jina Elgon nalo lina asili ya wenyeji, maana latokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Sabaot waliokaa katika mapango ya mlima huo. Aliyeuzunguka mlima kwa miguu hakuwa na budi kupita upande wa mashariki, katika nyanda ambazo leo zina Endebess na Kitale. Uwanda huo wa Trans Nzoia ulikuwa malisho. Una mashimo ya kale ya Wasirikwa, yaliyochimbwa na kuzungushiwa mawe kwa ajili ya mifugo, na baada ya Wasirikwa wakaja Wamaasai, na ukingoni mwake walikuwapo Wasabaot, Wapokot na Wabukusu. Mnamo miaka ya mwanzo wa 1890 sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na vita vya wafugaji vilikuwa vimewasukuma watu milimani. Wageni wa enzi hiyo waliziona nyasi wasione wenye nyasi.

Kosa hilo la macho lilikuja kuwa sera. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa askari wastaafu wa Uingereza mashamba uliigawa Trans Nzoia kama ardhi isiyo na mwenyewe. Mji wa Kitale ukachipuka, na reli kutoka Eldoret ikaufikia mwaka 1926. Haitakuwa haki kumbebesha Hobley mzigo wote wa ugawaji huo, kwani alikuwa ameacha mkoa huo zamani; lakini ramani alizochora yeye na wenzake ndizo zilizotandazwa mezani.

Kutoka Mumias Hobley aliyahamishia makao yake Kisumu, mahali reli ilipofika mwishoni mwa mwaka 1901. Waluo walimpa jina la Obilo, na kwa jina hilo anakumbukwa hadi leo katika masimulizi ya Nyanza. Huko alisimamia kodi ya nyumba na akaendelea kuandika. Makala yake kuhusu Kavirondo, iliyotoka mwaka 1898, iliwatenganisha wazi wazi Wabantu na Waniloti wa eneo hilo waliokuwa wamewekwa chini ya jina moja lisilo la yeyote kati yao. Hatua hiyo ni ndogo tukiitazama leo, lakini wakati huo ilikuwa marekebisho ya maana.

Miaka ya Nairobi ndiyo iliyomfanya Hobley kuwa mtu wa urithi kwa maana tunayoielewa sasa. Akiwa msimamizi wa mkoa wa Ukamba, alikuwa miongoni mwa wale walioasisi, mwaka 1909, chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Wenzake walikuwa pamoja na Frederick Jackson, mpenzi wa ndege, na Harry Leakey, mmisionari wa Kabete ambaye mwanawe Louis angekuja kulitia jina la Kenya katika historia ya chanzo cha binadamu. Mwaka 1910 chama hicho kilianzisha jarida lake na jumba dogo la makumbusho, mahali ambapo leo pamesimama jengo la Nyayo House. Mkusanyo ulipozidi nafasi ulihamishwa mwaka 1922, na mwaka 1930 ukapata makao kwenye kilima kinachoitwa Museum Hill hadi sasa. Taasisi hiyo ndiyo iliyokua na kuwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yenye matawi kuanzia Lamu hadi Kitale. Kwa hiyo mwanafunzi anayelipa kiingilio na kwenda kutazama vibuyu na ngao anakanyaga katika nyayo za Hobley, apende asipende.

Mchango wake kwa elimu ya visukuku nao ni wa kweli. Ofisa mdogo wa utawala aliyeitwa Pigott aliokota mifupa iliyogeuka mawe huko Karungu, kando ya ziwa Victoria, katika kaunti ya sasa ya Migori. Pigott aliliwa na mamba kabla ya kuimaliza kazi hiyo. Hobley alihakikisha mifupa inafika London, na mwaka 1911 mtaalamu C. W. Andrews akatangaza kwamba miongoni mwake mlikuwa na spishi mpya ya mnyama wa jamii ya tembo, mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini kutoka katika taya, akaipa jina la hobleyi. Ugunduzi wa Karungu ndio uliofungua mlango wa utafiti wa Rusinga, Songhor na Fort Ternan katika miongo iliyofuata. Katika elimu viumbe Hobley ameacha jina lake juu ya mnyama aliyetoweka mamilioni ya miaka iliyopita.

Mwaka 1910 kilitoka kitabu chake kuhusu Wakamba na makabila mengine, na mwaka 1922 kikafuata kingine kuhusu imani na uganga wa Wabantu, hasa Wakikuyu na Wakamba, kikiwa na utangulizi wa Frazer yule yule. Katika kitabu hicho alieleza kwa makini habari za thahu, yaani unajisi unaompata mtu anayevunja mwiko, na habari za mahali patakatifu na sadaka zinazotolewa chini ya miti isiyokatwa. Anaandika kama mtu anayeelewa kwamba mti wa ibada ni kitu kinachoshikilia jamii nzima. Ni vyema msomaji aliweke hilo moyoni kabla ya kufuatilia habari za pwani.

Kwani tangu mwaka 1912 Hobley alikuwa mkuu wa mkoa wa pwani, makao yake yakiwa Mombasa, na chini yake walikuwemo Wagiriama. Serikali ilitaka kodi yao, ilitaka vijana wao wakafanye kazi katika mashamba na bandarini, na ilitaka wahame kaskazini ya mto Sabaki. Wagiriama hawakutaka lolote kati ya hayo. Mekatilili wa Menza na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu, wakawakumbusha viapo, na viapo hivyo vilikuwa na nguvu kwa sababu vilifungwa katika kaya, msitu mtakatifu wenye makaburi na vitu vya mababu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1913 viongozi hao wawili walikamatwa, wakapelekwa kifungoni Kisii. Walitoroka Januari mwaka 1914 na kuanza safari ya kurudi kwao kwa miguu. Wazee walilazimishwa kuifunga Kaya Fungo, na mwezi wa Agosti mwaka 1914 kaya hiyo ikalipuliwa kwa baruti. Mapigano yalizuka, nyumba zikachomwa, na watu walipigwa faini nzito.

Je, Hobley aliyejua maana ya mti mtakatifu alikosaje kujua maana ya kaya? Jibu la haki ni kwamba alijua. Kaya ililengwa kwa sababu ilijulikana kuwa moyo wa Wagiriama. Asiyejua mahali moyo ulipo hawezi kuulenga. Elimu ya mila, katika mikono ya utawala, ilikuwa ramani ya aina nyingine. Hapo ndipo Lumboka ya mwaka 1895 na Kaya Fungo ya mwaka 1914 zinapokutana, ingawa zimetenganishwa na miaka kumi na tisa na mamia ya kilomita. Tofauti ni kwamba kule Lumboka Hobley alikuwa kijana mgeni asiyejua lugha wala desturi. Mombasa alikuwa mwandishi wa vitabu. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, na hakuna mpango wowote wa uhifadhi wake usioanza kwa kueleza kwamba ulinzi wa kweli wa misitu hiyo ni wazee na miiko yao, wala si uzio.

Hobley alistaafu mwaka 1921 na kurejea Uingereza. Wengi wa marika yake waliishia kutunza bustani na kuandika barua magazetini. Yeye alichukua ukatibu wa chama cha kuhifadhi wanyamapori wa himaya, chama kilichoasisiwa mwaka 1903, na aliushikilia kwa muda mrefu katika miaka ya 1920 na 1930. Ilikuwa kazi ya ushauri na mipango: kuandikia wizara, kupanga mikutano, kutathmini sheria za uwindaji, kupendekeza maeneo ya hifadhi. Mwaka 1930 chama kilimtuma Meja Hingston kuzuru makoloni ya Afrika Mashariki na ya Kati ili apendekeze mbuga za taifa, na mwaka 1933 ukafanyika mkutano wa London uliotoa mkataba wa kimataifa kuhusu wanyama na mimea ya Afrika. Mbuga ya kwanza ya taifa nchini Kenya, ile ya Nairobi, ilitangazwa mwaka 1946. Sehemu ya mlima ule aliouzunguka mwaka 1896 ikawa mbuga ya taifa mwaka 1968.

Faida ya kazi hiyo inaonekana kwa macho. Tembo wanaoingia katika pango la Kitum kulamba chumvi gizani wangekuwa hadithi tu kama si hifadhi. Hata hivyo, mpango wenyewe ulikuwa na kasoro ile ile ya ramani za Trans Nzoia: uliona wanyama usione watu. Mzungu aliyeua simba kwa mchezo aliitwa mwindaji. Msabaot aliyeua swala kwa kitoweo aliitwa jangili. Maneno hayo mawili bado yamo katika Kiswahili chetu, na si kila anayeyatumia hukumbuka jinsi mpaka kati yake ulivyochorwa. Wasabaot wa Elgon walitolewa msituni hatua kwa hatua, na madai yao ya ardhi yaliyosikilizwa na Tume ya Carter katika miaka ya 1932 hadi 1934 yameendelea kuzua machungu, hata umwagaji wa damu, katika karne hii ya 21.

Wakati Hobley akishughulika London, Mwingereza mwingine alikuwa akifanya Kitale kazi inayofanana na hiyo, ila kwa njia ya utulivu zaidi. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mkusanyaji wa vipepeo, ndege, wanyama na vitabu tangu utotoni, alifungua jumba lake la makumbusho mwaka 1926, mwaka ule ule wa kufika kwa reli. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia serikali ya Kenya huru mkusanyo wake wote pamoja na fedha za kujenga jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa Desemba mwaka 1974, likiwa la kwanza la aina yake mbali na Nairobi na pwani. Uwanjani mwake zimejengwa nyumba za kienyeji za jamii za magharibi ya Kenya, ikiwemo ya Waluhya. Mtoto wa shule kutoka Kimilili au Chwele anayepelekwa pale na mwalimu wake huona paa la nyasi, chungu na jiwe la kusagia. Yanayomhusu Chetambe hana budi kuyasikia kwa babu yake.

Na babu hakusahau. Mwaka 1947 ndio mwaka Hobley aliofariki, akiwa na umri wa miaka themanini kasoro. Mwaka huo huo Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, mchezaji wa zamani wa kandanda aliyekuwa ametoka tu kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliwaongoza maelfu ya wafuasi wake hadi Chetambe. Walikwenda kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Walitoa sadaka ya kondoo mweusi mahali pale, kwa sababu wafu wa vita hawakuwa wamepata heshima yao katika miaka hamsini na ushei iliyokuwa imepita. Hapakuwa na jumba, kibao wala kabati la kioo. Mahali penyewe palikuwa kumbukumbu, na watu walipajua walipokanyaga. Ukiondoa siasa zote zilizoandamana na tukio hilo, na zilikuwepo nyingi maana Masinde alitaka walowezi waondoke, kilichofanyika siku ile kilikuwa uhifadhi wa urithi uliopangwa na wenye urithi.

Serikali ililiona jambo hilo kwa macho yake ya kawaida. Februari mwaka 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi wakaua kadhaa, dini ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa. Mpwani Mekatilili alikuwa amepelekwa kufungwa magharibi. Masinde wa magharibi akapelekwa pwani, hadi Lamu, ambako alikaa zaidi ya miaka kumi. Aliachiliwa uhuru ulipokaribia, akarudi Bungoma, akagombana pia na serikali ya wananchi, akafariki mwaka 1987. Vilima vya Chetambe bado vinaonekana kutoka barabara ya Kitale, na wenyeji wa Webuye huwaonyesha wageni ngome ilipokuwa.